Fahirisi ya h na kipimo kinachopima kweli: namna ya kutathmini mchango wa mtafiti wa baiosensa

Swali: Mimi ni mhadhiri mwandamizi wa kemia katika chuo kikuu kimoja nchini Tanzania. Nimeombwa kutathmini waombaji wawili wanaotaka kupandishwa cheo kuwa maprofesa washiriki, na wote wawili wanafanya utafiti wa baiosensa, yaani vihisio vya kupima kemikali fulani katika sampuli kama damu au chakula. Wa kwanza ana makala nyingi kuhusu vihisio vya glukosi vilivyotengenezwa kwa nanochembe, na fahirisi yake ya h ni 27. Wa pili ana makala chache zaidi, fahirisi yake ni 11, na kwa miaka mingi ameshughulikia upimaji wa sumukuvu (aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu) kwenye mahindi. Kamati inaelekea kumpa wa kwanza alama zote za mchango wa kitaaluma. Ninahisi ulinganisho huu hauko sawa, lakini nahitaji hoja za kitaalamu za kuandika. Nipime vipi mchango wao kwa haki?

Jibu: Ndugu Mhadhiri, wasiwasi wako una msingi. Namba 27 na 11, zikiwekwa kando kwa kando bila maelezo, hazikuambii ni nani kati ya hao wawili aliyechangia zaidi katika kemia ya uchanganuzi. Zinakuambia tu kiasi ambacho makala zao zimerejelewa na watafiti wengine. Fani yetu ina bahati ambayo fani nyingi hazina: madai ya mtafiti yanaweza kukaguliwa ndani ya data alizochapisha. Mtu anapodai kwamba kihisio chake kinapima kitu fulani, yapo maswali yanayojulikana ya kumuuliza, na majibu yake ama yamo kwenye makala ama hayamo. Kwa hiyo swali ambalo ningeliweka mbele ya kamati ni hili: je, yuko mtu nje ya maabara ya mwombaji anayekitegemea kipimo chake, au anayeweza kukitegemea kwa ushahidi uliokwisha kuchapishwa?

Nianze na fahirisi yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyoishika kamati. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mtafiti mwenye fahirisi ya 27 ana makala 27 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 27. Hirsch mwenyewe aliandika kwamba namba moja haiwezi kutoa zaidi ya picha ya jumla ya mtu mwenye sura nyingi, na kwamba fani zinatofautiana. Fahirisi hii haishuki kamwe, kwa hiyo humpendelea aliyeanza kuchapisha mapema. Humpa mwandishi wa saba uzito uleule inaompa yule aliyebuni jaribio. Mapitio ya maandiko, ambayo katika eneo la baiosensa hurejelewa sana kuliko makala za majaribio, huhesabiwa sawa na ugunduzi. Halafu kuna jambo dogo ambalo kamati nyingi hulipuuza: Google Scholar huhesabu tasnifu, ripoti na machapisho mengi ambayo Scopus na Web of Science haziyahesabu, kwa hiyo mtu yuleyule huwa na fahirisi tofauti katika kila hifadhidata. Kabla ya yote, hakikisha kwamba 27 na 11 zimetoka mahali pamoja na kwa tarehe zinazokaribiana.

Hata zikitoka mahali pamoja, mazingira ya urejeleaji ya waombaji wako hayalingani. Glukosi ndiyo molekuli iliyochunguzwa kuliko nyingine yoyote katika historia ya baiosensa. Kila makala mpya kuhusu kihisio cha glukosi huwa na jedwali linalolinganisha kifaa kipya na vifaa kumi au ishirini vilivyotangulia, na kila safu ya jedwali hilo ni urejeleo mmoja. Mtu anayechapisha katika eneo lenye msongamano wa namna hiyo atarejelewa hata kama hakuna aliyewahi kukitengeneza tena kihisio chake. Anayepima sumukuvu kwenye mahindi ya Afrika Mashariki anaandika kwa ajili ya jamii ndogo zaidi ya watafiti, na baadhi ya wasomaji wake muhimu ni wakaguzi wa chakula na wataalamu wa maabara za serikali, ambao huisoma kazi yake, wakaitumia, na wasiandike makala yoyote ya kuirejelea.

Vipo vipimo vilivyobuniwa kurekebisha tofauti za fani. Mwaka 2016 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walichapisha uwiano unaolinganisha urejeleaji wa makala na ule wa makala za eneo lake lenyewe. Mwaka 2019 John Ioannidis na wenzake walitoa hifadhidata ambayo vyuo vyetu huitangaza kila mwaka kuwa orodha ya asilimia 2 ya wanasayansi bora. Kipimo chake huzingatia nafasi ya mwandishi katika makala na huonyesha pia matokeo yakiondolewa marejeo ya mtu kwa kazi zake mwenyewe. Ukiweza kuvipata vyote viwili kwa waombaji wako, vitumie, kwa kuwa ni bora kuliko fahirisi tupu. Lakini vyote viwili bado vinahesabu marejeo, na urejeleo hauelezi kwa nini umetolewa. Ningependa uchukue makala tatu za kila mwombaji zinazorejelewa zaidi, kisha uangalie marejeo ishirini hivi ya kila moja. Yatenganishe yanayotokea katika sentensi ya utangulizi, pale mwandishi anapotaja kazi kumi kwa mkupuo, na yanayotokea katika sehemu ya mbinu, pale mtafiti mwingine anaposema kwamba alitengeneza elektrodi au alitayarisha sampuli kwa njia ya mwombaji wako. Urejeleo mmoja wa aina ya pili una uzito kuliko mingi ya aina ya kwanza.

Kuna ushahidi mzito kwamba wingi wa makala za nanochembe unahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mwaka 2020 Martin Pumera na wenzake walichapisha katika jarida la ACS Nano utafiti ambamo walichanganya grafini (tabaka jembamba sana la kaboni) na kinyesi cha ndege, wakaonyesha kwamba grafini hiyo ilichochea mmenyuko wa kielektrokemia vizuri kuliko ile isiyochanganywa. Hoja yao ilikuwa nzito: kama karibu kila kitu kinachoongezwa kwenye grafini huleta ongezeko fulani la mkondo, basi kuchapisha makala moja kwa kila elementi mpya hakutufundishi mengi. Walizungumzia uchochezi wa mmenyuko, si baiosensa, lakini malighafi zilezile hupakwa kwenye elektrodi za vihisio, na swali lao linatuhusu moja kwa moja.

Sasa tufungue makala za mwombaji wa kwanza. Angalia kwanza anachokisifia. Ikiwa muhtasari unasisitiza kwamba kikomo cha ugunduzi, yaani kiwango kidogo kabisa ambacho kihisio kinaweza kukitambua, ni nanomoli chache kwa lita, jiulize kikomo hicho ni cha nini. Damu ya mtu mwenye afya ambaye hajala ina glukosi ya takribani milimoli 4 hadi 6 kwa lita, na kwa mgonjwa wa kisukari inaweza kupita 20. Hiyo ni mara milioni moja juu ya nanomoli. Anayehitaji kupima damu anahitaji kihisio kinachotoa jibu sahihi kati ya takribani milimoli 1 na 30, kisicholemewa kiwango kinapopanda, na kinachotofautisha vizuri 3 na 4, kwa kuwa hapo ndipo mgonjwa anapoingia hatarini kwa sukari kushuka. Kikomo cha nanomoli hakimsaidii mgonjwa huyo, isipokuwa kama mtafiti anakusudia majimaji mengine yenye glukosi kidogo sana, kama vile jasho au machozi, na hapo anapaswa kuwa ameyapima majimaji hayo yenyewe.

Kisha angalia pH. Vihisio vingi vya glukosi visivyotumia vimeng'enya, hasa vya nikeli na shaba, hufanya kazi ndani ya myeyusho mkali wa hidroksidi ya sodiamu wenye pH ya 13 hivi. Damu ina pH ya 7.4. Makala inayoripoti unyeti mkubwa katika hidroksidi na kuhitimisha kwamba kifaa kinafaa kwa hospitali imeruka hatua kubwa, na wewe kama mkemia una haki ya kulisema hilo kwa maandishi. Tazama pia vitu vinavyoingilia kipimo: je, alijaribu asidi ya askobiki (vitamini C), asidi ya yuriki na parasetamoli, na kwa viwango vinavyopatikana kweli katika damu? Hili lina historia ya majonzi. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vipima sukari vilivyotumia kimeng'enya cha glukosi dihidrojenesi chenye kisaidizi cha PQQ. Kimeng'enya hicho hakikutofautisha glukosi na maltosi, na wagonjwa wa figo waliosafishwa damu kupitia tumboni kwa myeyusho wa ikodekistrini walikuwa na maltosi nyingi katika damu. Kifaa kilionyesha sukari ya juu ambayo haikuwapo, mgonjwa akachomwa insulini, na vifo 13 vilikuwa vimeripotiwa. Uteuzi wa molekuli sahihi si pambo la makala.

Mwisho wa yote, kiko kigezo cha kimataifa. Kiwango cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka asilimia 95 ya matokeo ya kipima sukari cha nyumbani yasipishane na mbinu ya marejeleo kwa zaidi ya milimoli 0.83 kwa lita, pale glukosi inapokuwa chini ya 5.55, na kwa zaidi ya asilimia 15 inapofika hapo au kuvuka. Simtaki mwombaji wa chuo awe amekifikia kiwango hicho. Hiyo ni kazi ya kiwanda. Ila ningetaka kuona, mahali fulani katika makala zake nyingi, damu halisi ya watu wengi iliyopimwa kwa kihisio chake na kwa mashine ya hospitali, na tofauti zilizoelezwa kwa uwazi.

Kwa mwombaji wa pili hesabu inageuka, na hapa ndipo utaalamu wako utakapoisaidia zaidi kamati. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi kuwa na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na mikrogramu 5 kwa aina ya B1. Tuseme anachukua gramu 20 za unga na kuzichuja kwa mililita 100 za methanoli na maji. Unga wenye mikrogramu 5 kwa kilo utatoa mikrogramu 0.1 katika mililita 100, yaani mikrogramu 1 kwa lita. Methanoli huharibu kingamwili ambazo kihisio cha aina hii hutumia kuitambua sumu, kwa hiyo mchujo huo huenda ukazimuliwa mara kumi kabla ya kugusa kihisio, na sasa kinachotafutwa ni mikrogramu 0.1 kwa lita, karibu nanomoli 0.3 kwa lita. Hapa kikomo cha chini cha ugunduzi kina maana kamili, kwa sababu bila hicho mkaguzi hawezi kuamua kama gunia lipite au lizuiwe. Ikiwa makala za mwombaji wa pili zimefanya hesabu ya namna hii na kuonyesha kwamba kihisio kinasoma kwa uhakika katika mpaka wa kisheria, amefanya kazi ngumu ambayo fahirisi ya h haina jicho la kuiona.

Lakini naye asipewe alama kwa sababu tu tatizo lake linagusa watu. Linagusa kweli: mwaka 2004 mlipuko wa sumukuvu mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, ulikuwa na wagonjwa 317 walioripotiwa na vifo 125, na mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68 na kufariki 20. Uzito huo wa tatizo ndio unaotudai tuwe wakali zaidi. Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya gunia. Punje chache huweza kubeba sumu nyingi huku maelfu ya punje jirani zikiwa safi. Sehemu kubwa ya kosa katika kipimo hutokea wakati wa kuchukua sampuli, kabla kihisio hakijafanya lolote. Muulize, basi, kama makala zake zinaeleza alichukua kilo ngapi, kutoka sehemu ngapi za gunia, na kama alisaga zote kabla ya kuchota gramu 20. Muulize pia kama sampuli zake zilikuwa na sumu ya asili au alizitia sumu mwenyewe maabara. Kutia kiasi kinachojulikana na kupata asilimia 95 ya kiasi hicho ni jaribio la lazima, lakini sumu iliyodondoshwa juu ya unga dakika chache zilizopita hutoka kwa urahisi kuliko ile iliyokua ndani ya punje shambani. Aliyepima mahindi yenye sumu ya asili, akalinganisha na kromatografia ya kimiminika katika maabara yenye ithibati, tena kwa sampuli ambazo mpimaji hakujua majibu yake mapema, amechangia jambo ambalo wengine wanaweza kujengea juu yake.

Kamati yako huenda ikauliza kwa nini tusisubiri marejeo yaongezeke. Historia ya fani inajibu. Leland Clark na Champ Lyons walichapisha wazo la elektrodi yenye kimeng'enya mwaka 1962, wakiweka oksidesi ya glukosi juu ya elektrodi ya oksijeni. Kampuni ya Yellow Springs ya Ohio iliuza kichanganuzi cha kwanza cha glukosi chenye msingi huo mwaka 1975. Mwaka 1984 watafiti wa Cranfield na Oxford walichapisha elektrodi iliyotumia ferosini kubeba elektroni badala ya oksijeni, na mwaka 1987 kampuni ya MediSense ikatoa kipima sukari chenye umbo la kalamu ambacho mgonjwa aliweza kukitumia nyumbani. Miaka 25 ilipita kati ya wazo na mfuko wa mgonjwa, na mikono mingi ilihusika. Wala hataza si kipimo cha uhakika. Rosalyn Yalow na Solomon Berson, waliobuni upimaji wa homoni kwa kingamwili na isotopu, waliamua kutochukua hataza yoyote, na hata hivyo Yalow alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977, baada ya Berson kufariki. Katika hotuba yake ya Nobel alionyesha barua ya jarida lililoikataa makala yao ya mwanzo.

Ninaitaja historia hii pia kwa ajili ya kumtendea haki mwombaji wa kwanza. Inawezekana kabisa kwamba kati ya makala zake nyingi kuna moja au mbili zinazoeleza jinsi elektroni zinavyotoka kwenye kimeng'enya kwenda kwenye elektrodi, au zinazofafanua kwa nini tabaka fulani hudumu na jingine huharibika. Kazi ya msingi ya namna hiyo haihitaji kuwa na mgonjwa mwishoni mwake ili iwe na thamani. Mwombe ataje makala zake tano anazoziona bora na aeleze kwa aya moja kila moja ilibadilisha nini katika uelewa wetu, pamoja na sehemu aliyoifanya yeye mwenyewe. Majarida mengi sasa huonyesha majukumu ya kila mwandishi kwa mfumo wenye majukumu 14. Mpe mwombaji wa pili sharti hilohilo.

Nje ya makala, omba ushahidi unaoweza kukaguliwa. Je, kuna maabara nyingine iliyofuata maelekezo yake ikapata matokeo yaleyale? Je, mbinu yake imeshiriki ulinganishi wa maabara mbalimbali? Je, kuna mwongozo wa upimaji wa shirika la viwango unaoitaja, au afisa wa halmashauri aliyefundishwa kuitumia na bado anaitumia baada ya mradi kufungwa? Barua fupi ya mtumiaji inayosema alipima sampuli gani, lini, na aliamua nini kutokana na majibu, ina uzito kuliko barua ndefu ya sifa. Kwa vifaa vinavyokusudiwa vijijini, vipo pia vigezo vinavyotokana na Shirika la Afya Duniani vinavyouliza kama kipimo ni cha bei nafuu, kinatambua walio na tatizo na kuwaacha wasio nalo, ni rahisi kutumia, ni cha haraka, hakihitaji mashine kubwa, na kinaweza kuwafikia wanaokihitaji. Usimtake mwombaji atimize vyote. Mtake aseme ni vipi alivifanyia kazi.

Kamati ikisita kuondoka kwenye namba, unayo maandiko mawili ya kuegemea. Azimio la San Francisco, lililotokana na mkutano wa Desemba 2012, linazitaka taasisi zisitumie kipimo cha athari cha jarida (wastani wa marejeo ya makala zake) kumpima mtafiti mmoja mmoja. Ilani ya Leiden, iliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2015, ina kanuni kumi. Ya kwanza inasema takwimu ziisaidie tathmini ya wataalamu, na ya tatu inataka utafiti bora unaohusu mahitaji ya mahali ulindwe. Kanuni hiyo ya tatu inamgusa mwombaji wako wa pili moja kwa moja, na ningeinukuu.

Katika barua yako, ikiwa kanuni za chuo zinadai fahirisi, iandike pamoja na jina la hifadhidata, tarehe uliyoitazama, na miaka ambayo mwombaji amekuwa akichapisha. Aya inayofuata ieleze ukubwa wa eneo la kila mmoja na tabia ya urejeleaji wake. Baada ya hapo barua yote iliyobaki iwe ya kemia: sampuli gani, viwango gani, mbinu gani ya marejeleo, watu gani wanaotumia, na ni wapi ushahidi unapopungua kwa kila mmoja. Pale ambapo data za mwombaji wa kwanza hazitoki nje ya hidroksidi, sema hivyo. Pale ambapo mwombaji wa pili hakueleza namna alivyochukua sampuli, sema hivyo pia, na upendekeze aulizwe kabla ya kikao cha mwisho, kwa kuwa huenda data anazo na hakuziweka kwenye makala kwa sababu ya ufinyu wa kurasa.